Gusa boneti kwanza, bei baadaye

Wadau, mwezi uliopita nusura nizamishe mtaji wa duka zima kwenye Mercedes-Benz C180 ya 2012, ile ya milango miwili. Wenyewe wanaiita kupe, na jina limekaa, maana inaweza kukunyonya ukabaki mkavu. Hesabu yangu ilikuwa niinunue, niipige picha kali, niiuze mtandaoni.

Nilimwomba muuzaji asiiwashe kabla sijafika. Saa moja asubuhi nafika, nagusa boneti, ya moto!

Sasa sikia. Injini yake ni ya 1.8 turbo, M271. Inajulikana kwa cheni ya taimingi kulegea na meno ya gia zake kulika. Dalili ni kelele za sekunde chache tu ikiwashwa ikiwa ya baridi. Ikishapata moto inatulia, utadhani mpya. Cheni ikiruka, valvu zinagongana na pistoni, hapo unaanza kutafuta injini nyingine.

Nikamwambia ilale, narudi kesho. Kesho yake nikafika saa kumi na mbili, bado yuko kitandani. Akaiwasha mbele yetu: krrrr! Kama sekunde tatu hivi. Fundi wangu akacheka tu, tukaondoka.

Kulinganisha namba ya chesisi na kadi ni dakika tano, na fundi aje na mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Ila boneti ya baridi usiisamehe. Muuzaji akikataa gari ilale, mpigie mwingine.