Kabla ya Kumsukuma Mgonjwa wa ICU Kwenda CT Scan

Kabla hujaita machela, waulize wenzako: picha hii ya kichwa itabadilisha nini kwenye matibabu usiku huu? Mboni moja imetanuka ghafla na daktari wa upasuaji yuko tayari? Nendeni upesi. Picha inatakiwa tu ili faili likamilike? Ngojeni presha itulie. Wapo wagonjwa wengi ambao safari ya korido huwadhuru kuliko ugonjwa ambao picha ingeuonyesha.

Ubongo uliojeruhiwa hauvumilii presha kushuka wala oksijeni kupungua, hata kwa dakika chache. Kwa mtu mzima aliyeumia kichwa, usiondoke wakati presha yake ya juu ni 85 ukitumaini itapanda njiani. Anzisha noradrenalini pale pale kitandani, lengo likiwa 110 au zaidi. Kisha muunganishe na mashine ndogo ya kupumulia ya safari, na umwangalie kwa dakika kama 10 kabla ya kutoka. Akishindwa kitandani, ndani ya lifti atashindwa zaidi. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi, eti kwa kuwa na haraka.

Oksijeni ipigiwe hesabu, isikadiriwe kwa macho. Mgonjwa anayetumia lita 10 kwa dakika, kwenye safari ya dakika 40 kwenda na kurudi, anahitaji lita 400. Zidisha mara mbili, kwa sababu lifti hukwama na foleni haikosekani, zinakuwa 800. Mtungi wa lita 680, hata ukiwa umejaa, hautoshi. Geji ikisoma nusu, umebakiwa na lita 340, yaani dakika 34 tu. Chukua mtungi mkubwa zaidi au miwili, pamoja na ambu, mashine ya kufyonza makohozi na dawa za dharura. Betri za pampu na monita zichajiwe. Mwulize pia msukuma machela ni lifti gani inayofanya kazi leo. Mara nyingi anajua kuliko sisi sote.

Ikibidi kumpulizia kwa ambu, punguza kasi. Hofu huifanya mikono ibonyeze mno, kabonidayoksaidi hushuka, mishipa ya ubongo husinyaa na damu hupungua. Kama hakuna kipimo cha kabonidayoksaidi anayotoa, pumzi moja kila sekunde 5 inamfaa mtu mzima. Kipimo kikiwepo, kisome kati ya 35 na 40.

Kichwa kibaki kimeinuliwa nyuzi 30 mpaka meza iwe tayari, kwa sababu kulala chali huongeza shinikizo ndani ya fuvu. Mtaalamu wa mionzi apigiwe simu mapema ili chumba kiwe wazi mnapofika. CT ya kichwa bila dawa ya rangi yenyewe huchukua muda mfupi sana. Mtu mmoja asiwe na kazi nyingine ila kushika mrija wa hewa meza inaposogea. Ijaribuni meza, iingie na kutoka mara moja kabla ya kupiga picha, muone kama nyaya na dripu zinafika. Mgonjwa mwenye mrija wa kutoa maji ya ubongo, ufungwe wakati wa kumhamisha, kisha usawazishwe na kufunguliwa tena. Kuusahau umefungwa ni hatari.

MRI ina hatari yake. Mwaka 2001, katika jimbo la New York, mtoto wa miaka 6 alifariki baada ya sumaku ya mashine kuuvuta mtungi wa oksijeni wa chuma. Mtungi wa kawaida usivuke mlango wa chumba cha MRI kamwe. Siku hizi kuna MRI ndogo ya magurudumu, yenye sumaku dhaifu, inayoletwa hadi kitandani. Marekani iliiruhusu mwaka 2020. Picha zake hazina ubora wa ile kubwa. Kwa damu inayoshukiwa kuvuja sasa hivi, CT bado ndiyo ya kwanza.

Daktari wa zamu aangalie picha pale pale kwenye skrini. Kukiwa na damu ya kutolewa, mpigie daktari wa upasuaji kabla hamjatoka chumbani humo, maana huenda safari inayofuata ni ya kwenda chumba cha upasuaji, si kurudi ICU.