Mizani ya Kielektroniki ya Zamani: Kabla Hujaikubali Namba ya Kioo

Msimu wa korosho unapofunguliwa, mkulima wa Masasi au Newala husimama ghalani kwa chama chake cha msingi akikitazama kioo cha mizani. Namba anayoiona ndiyo itakayoandikwa kwenye stakabadhi, na kwa namba hiyo atalipwa baada ya mnada. (Anayeuza kwa kangomba hana hata namba ya kuihoji.)

Kioo chenyewe hakipimi kitu. Chini ya sahani kipo kipande cha chuma ambacho hupinda kidogo mno kila kibebapo mzigo. Mpindo huo hubadili nguvu ya umeme, na umeme huo husomwa kuwa namba. Chuma kikigongwa na gunia lililobwagwa, au maganda na mchanga vikijibana chini ya sahani, kioo huendelea kung'aa huku kikitoa namba isiyo ya kweli.

Kwa hiyo tunamsihi muuzaji aitazame sahani ikiwa tupu. Kioo kionyeshe sifuri. Kikionyesha nusu kilo chini ya sifuri, ulizeni: huenda mpimaji amekwisha kuondoa uzito wa gunia. Ikiwa ndivyo, gunia lisikatwe tena kitabuni. Ikiwa sivyo, kila gunia litapungukiwa nusu kilo. Magunia 20 ni kilo 10, na kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa kilo, mkulima amepoteza shilingi 30,000.

Sifuri peke yake haitoshi. Jiwe la mizani lililohakikiwa liwekwe katikati ya sahani, kisha katika kila pembe. Namba zikitofautiana kupita kiasi kinachoruhusiwa, mizani isitumike. Namba zikichezacheza bila mzigo kuguswa, angalieni betri, upepo, na sakafu isiyo sawa. Betri ichajiwe hata baada ya msimu, kwani ikiachwa tupu miezi mingi huharibika.

Mizani ya biashara huhakikiwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka, nayo hubandikwa stika. Lakiri ikikatwa kwa matengenezo, ihakikiwe upya kabla ya kurudi kazini. Mwenye shaka aombe mzigo upimwe tena mbele yake, kabla hajatia saini na kabla magunia hayajachanganywa na ya wenzake.