Tafakari ya Ramadhani, Siku ya 17: Vitundu vya Kibibi



Ndugu zangu, leo vikiletwa vibibi kwenye futari, kabla hujala chukua kimoja ukisogeze karibu na taa. Kitazame vizuri. Upande uliokaa kwenye kikaango ni laini, una rangi ya hudhurungi. Upande wa juu umejaa vitundu, vidogo kwa vikubwa, kama sega la asali. Vibibi tumevila tangu utotoni, lakini wangapi tumewahi kujiuliza vitundu vile vinatoka wapi?

Mimi nilijiuliza juzi tu, na sababu yake inanitia haya. Nitaisema hivyo hivyo.

Juzi baada ya Alasiri nilidarsisha habari ya subira, nanyi wengi mlikuwepo. Magharibi ikaingia, tukafungua kwa tende, tukaswali, nikarudi nyumbani na wageni wanne. Binti yangu wa miaka 12 akaleta vibibi alivyopika mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nikashika kimoja: kizito, kimefumba, hakina kitundu hata kimoja. Nikasema kwa sauti, "Hivi ni vibibi au maandazi yaliyokanyagwa?" Wageni wakacheka. Yeye hakucheka. Aliondoka kimya kurudi jikoni, na hatukumwona tena mpaka Isha.

Usiku mama yake akanieleza. Mtoto alirudi shule, akausaga mchele uliorowekwa, akautia tui la nazi, iliki, sukari na hamira. Mchanganyiko ule ulitakiwa ukae mpaka uumuke. Lakini mimi nilipiga simu jioni kwamba naja na watu, basi ikabidi uwekwe jikoni hivyo hivyo. "Alikosa muda," akaniambia, "na aliyemnyima ni wewe."

Sasa tuelewe kinachotokea pale. Hamira ni viumbe hai, wadogo mno kuonekana kwa jicho. Wanakula sukari iliyomo na kutoa hewa, nayo hubaki ndani kama viputo. Ukimimina kwenye kikaango cha moto, viputo vinatanuka, vinapanda juu na kupasuka. Wakati huo huo wanga wa mchele, joto linapofika nyuzi 70 hivi, unaanza kushikana. Ndiyo maana kitundu kinabaki wazi, hakizibiki. Lakini hamira isipopewa muda, hewa ni kidogo, na kibibi kinatoka kimefumba hata moto uwe mzuri vipi.

Kwa hiyo kile kitundu ni alama ya muda. Ukikiona, ujue kuna mtu aliroweka, akasaga, akasubiri, akasimama motoni, naye amefunga kama wewe. Na usipokiona, usikimbilie kulaumu. Huenda kuna mtu alinyimwa muda.

Tuondoke na mambo matatu:

1. Mtume wetu (s.a.w.) hakuwa na tabia ya kukitia kasoro chakula. Akikipenda anakula, asipokitaka anakiacha, basi. Mimi hadithi hiyo nimeisomesha mara nyingi, na juzi ikanishinda kwa kibibi kimoja.

2. Adhana ya Magharibi inaruhusu chakula kiingie mdomoni. Haijaruhusu kila neno litoke. Wengi tunaulinda ulimi mchana kutwa, halafu tunauachia pale pale kwenye futari, tena kwa watu waliotupikia.

3. Mama Aisha (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake. Sisi wanaume saa ile ya mwisho tuko wapi? Barazani, au tumelala. Jamani, mbuzi ya kukunia nazi haichagui mwanamume wala mwanamke. Na ukialika wageni, sema mapema.

Jana baada ya daku nilimwita binti yangu, nikamwomba radhi mbele ya ndugu zake. Lakini nilimvunjia heshima mbele ya wageni, na wageni wale wote wanne wamo humu. Basi nawaambia ninyi, na kila anayesoma: yule mtoto hakukosea. Niliyekosea ni mimi. Nilimwomba ruhusa kuandika haya, akakubali kwa sharti moja, kwamba nazi ya futari nikune mimi. Jana nimekuna mbili, na leo mikono inauma.

Wewe je, kuna mtu nyumbani kwako anayesubiri neno kama hilo? Usingoje Idi. Mwambie leo, kabla ya Magharibi.

Ewe Mola wetu, tutakabalie saumu zetu, zilinde ndimi zetu mchana na usiku, na uwalipe kheri wote wanaosimama motoni wakiwa na njaa ili sisi tufuturu. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.