Aprili 29: Siku Moja, Maafa Matatu

Usiku wa kuamkia Jumatatu, Aprili 29, 2024, wakazi wa kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu, katika Kaunti Ndogo ya Naivasha, walikuwa wamelala. Kabla ya mapambazuko maji yalishuka kwa kishindo kutoka upande wa Old Kijabe, yakiwa yamebeba matope, mawe na miti. Nyumba zilisombwa pamoja na waliokuwa ndani, na magari yakatupwa mbali. Zaidi ya watu 45 walifariki.

Wengi wetu tunaikumbuka tarehe hiyo kwa sababu ya Mai Mahiu. Lakini ukifungua kurasa za historia utakuta kwamba Aprili 29 imewahi kubeba misiba mingine miwili mikubwa inayohusiana na mvua na upepo. Katika somo hili tutaitazama misiba hiyo mitatu, tujiulize kama kukutana kwake ni nasibu tu, kisha tuone inatufundisha nini sisi wakazi wa Nakuru.

Misiba mitatu

Wa kwanza ulitokea mbali. Usiku wa Aprili 29, 1991, kimbunga kiliipiga pwani ya Bangladesh karibu na mji wa Chittagong. Bahari iliinuka na kufunika visiwa na vijiji vya tambarare. Watu wapatao 138,000 walipoteza maisha.

Wa pili ulitokea Nairobi. Usiku wa Ijumaa, Aprili 29, 2016, mvua kubwa ikinyesha, jumba la makazi la ghorofa sita liliporomoka mtaani Huruma. Lilikuwa limejengwa karibu na mto, na lilikuwa limeshatajwa kuwa si salama kukaliwa. Waokoaji walifukua kwa siku kadhaa, na takriban watu 50 walifariki.

Wa tatu ni wetu, wa Mai Mahiu. Mwanzoni wengi walidhani bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ilieleza kwamba maji yalikuwa yamekusanyika nyuma ya tuta la reli, mahali ambapo njia ya kupitisha maji chini ya tuta ilizibwa na matope na takataka. Yalipozidi nguvu, yalibomoa kizuizi na kushuka yote kwa pamoja.

Je, ni nasibu?

Mwaka una siku 365. Ukichagua matukio mawili yasiyohusiana kabisa, nafasi ya kuangukia tarehe moja ni 1 kati ya 365. Hata hivyo, matukio ya dunia ni mengi mno, kwa hiyo tarehe yoyote utakayoichagua itakuwa na misiba na sherehe zake. Aprili 29 haina laana. Hakuna anayepaswa kuogopa siku hiyo kwa sababu ya namba yake.

Lakini misimu haipangwi kwa nasibu. Kufikia Machi 21 hivi, jua huwa juu ya Ikweta, mstari ambao unapita kaskazini mwa kaunti yetu. Ukanda wa mvua hulifuata jua, ukichelewa kwa majuma kadhaa. Ndiyo maana masika yetu huja kati ya Machi na Mei, na vuli huja kati ya Oktoba na Desemba, jua linaporudi kusini. Bangladesh nayo ina vipindi viwili vya vimbunga, Aprili hadi Mei na Oktoba hadi Novemba.

Kufikia mwisho wa Aprili, udongo umekunywa maji kwa majuma mengi na umeshiba. Mvua ambayo mwezi Machi ingezama ardhini sasa inateremka juu yake. Mito imejaa, mabwawa yamejaa, na miteremko imelegea. Kwa hiyo siku yenyewe ya Aprili 29 ni bahati mbaya, ila majuma yanayoizunguka ni ya hatari kila mwaka.

Ushahidi mwingine uko hapa nyumbani. Jioni ya Mei 9, 2018, siku kumi tu baada ya tarehe tunayoizungumzia, Bwawa la Patel lilipasuka huko Solai. Maji yalivifagia vijiji vya Nyakinyua na Energy na kuua watu wapatao 48. Miaka sita baadaye, Mei 10, 2024, taifa zima lilipewa siku ya mapumziko ili kuomboleza waliokufa katika mafuriko ya mwaka huo na kupanda miti. Familia za Solai zilikuwa zimetimiza kumbukumbu yao siku iliyotangulia.

Mambo yanayofanana

Ukilinganisha Huruma, Mai Mahiu na Solai utaona mambo matatu. Kwanza, yote yalitokea giza limeingia, wakati watu hawaoni maji yanakotoka. Pili, mvua haikufanya kazi peke yake. Palikuwa na kitu kilichojengwa na binadamu: jumba, tuta, bwawa. Tatu, hatari ilikuwepo kabla ya usiku ule. Njia ya maji haizibwi na takataka kwa saa moja, na ukuta haudhoofiki kwa siku moja.

Jambo hilo la tatu ndilo lenye matumaini. Kinachojengeka polepole kinaweza kuonekana mapema.

Bangladesh walifanya nini?

Baada ya 1991, Bangladesh iliongeza majengo imara ya kukimbilia wakati wa kimbunga, na ikaimarisha mtandao wa watu wa kujitolea wanaopita vijijini na vipaza sauti na bendera kuonya majirani. Kimbunga kikali cha Sidr kilipopiga Novemba 2007, waliokufa walikuwa kama 3,400. Bado ni msiba mkubwa, lakini haulinganishwi na ule wa 1991. Pepo hazikupungua. Kilichobadilika ni kwamba watu walionywa mapema na walikuwa na mahali pa kukimbilia.

Kalenda ya nyumbani

Masika yasitukute tumelala. Kila nyumba, kila Nyumba Kumi na kila shule inaweza kufuata utaratibu huu:

1. *Kabla ya katikati ya Machi:* Zibueni mitaro na kalvati. Ulizeni ni bwawa gani liko juu ya kijiji chenu. Kisheria bwawa linahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na mkazi ana haki ya kuuliza kama kipo.

2. *Machi:* Kubalianeni mahali pa juu pa kukimbilia na njia ya kufika huko usiku. Wekeni orodha ya wazee, wagonjwa, watoto na watu wenye ulemavu watakaohitaji kusaidiwa.

3. *Aprili na Mei:* Fuateni taarifa za Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa. Mvua ikinyesha mfululizo, watu wapokezane zamu ya usiku.

4. *Dalili za kuhama mara moja:* Ufa mpya au unyevu unaochuruzika kwenye ukuta wa bwawa. Maji ya mto kubadilika ghafla kuwa tope zito. Ngurumo kutoka mlimani isiyo ya radi. Na hii wengi hawaijui: mto ukipungua ghafla huku mvua ikiendelea, huenda umezibwa huko juu. Msishuke kuutazama. Hameni.

5. *Wakati wa dharura:* Piga 999 au 112, au nambari ya Msalaba Mwekundu, 1199. Mjulisheni pia chifu au naibu wake.

Oktoba ikifika, rudieni hatua zilezile kwa ajili ya vuli.

Maswali ya kujadili barazani au darasani

1. Ni kitu gani mtaani kwenu kinachozuia maji yasipite, na nani ana jukumu la kukiondoa?

2. Maji yakija saa tisa usiku, nani atamwamsha jirani anayeishi peke yake?

3. Wazee wanakumbuka maji yalipita wapi zamani? Je, leo kuna nyumba mahali hapo?

Andikeni majibu na myapeleke kwenye baraza lijalo, kabla mvua haijaanza.