Ukiambiwa "Kasome Joka"

Aliyesoma tahasusi ya PCM anaijua desturi hii. Bwenini hakuna anayeomba kitabu cha fizikia kwa jina lake refu. Anaazima Nelkon, na cha hesabu ni Backhouse. Waandishi wa programu nao ndivyo walivyo, ila wao wamezidisha, wanaviita vitabu kwa picha za majalada: wana ngamia, faru, joka, mpaka mchawi. Kama unajifunza mwenyewe hapa Mukendo, Kanda ya Ziwa, na mtu akakutupia jina la namna hiyo, usione haya kumuuliza mambo mawili: nani kakiandika, na toleo gani.

Hilo la toleo ndilo linaloponza wengi. Joka ni kitabu cha kutengeneza kompaila. Lipo la kijani la Aho na Ullman (1977), jekundu la 1986 alipoongezeka Sethi, na la zambarau la 2006 akiwemo pia Lam. Aliyekutuma ana mojawapo kichwani. K&R, yaani Kernighan na Ritchie, ni kitabu cha lugha ya C; toleo la 1978 lina namna ya kuandika fankisheni iliyokwisha kuachwa. Tafuta la 1988, lenye maandishi ANSI C jaladani.

Wanyama wengi ni wa O'Reilly, kwa hiyo tazama picha ya jalada. Ngamia ni Programming Perl. Faru ni JavaScript: The Definitive Guide cha David Flanagan, na hapo usikubali cha zamani: toleo la saba ni la 2020.

Mchawi ni SICP, kitabu cha misingi ya uandishi wa programu cha Abelson na Sussman wa MIT. Hiki kinapatikana bure mtandaoni, na leseni yake inaruhusu kunakili, basi unaweza kukipeleka stesheneri kwenye flashi bila wasiwasi. Ila kina kurasa zaidi ya 600. Toa sura ya kwanza tu, pande mbili za karatasi, ukaifunge kwa spairo. Na dirishani sema SICP. Ukitaja kitabu cha mchawi Kanda ya Ziwa, maelezo yatakuwa marefu kuliko foleni.

Pakua na MIT Scheme, programu ya lugha inayotumika kitabuni humo, nayo ni bure, ufanye mazoezi ya sura hiyo kwa mkono wako. Yana hesabu nyingi, kwa hiyo Backhouse usimrudishie mwenyewe kwanza. Sura ya pili utaitoa ukimaliza.