Mnyapara Ndani ya Kompyuta: Mifumo Endeshi Isiyojulikana na Wengi

Katika mashamba ya mkonge ya Kabuku, wilayani Handeni, kando ya barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, kazi ya siku haianzi mpaka imegawanywa. Wako wakataji wa majani, wako wanaoyapakia na kuyasafirisha, wako wanaolisha korona, yaani ile mashine inayokwangua jani na kubakiza nyuzi, na wako wanaoanika nyuzi hizo juani. Mkataji hodari hana faida iwapo majani yake hayakuchukuliwa, nayo korona hukaa bure majani yanapochelewa. Anayeunganisha kazi hizi ni mnyapara. Yeye hakati jani hata moja, lakini asipokuwapo shamba husimama.

Kompyuta nayo ina mnyapara wake. Haonekani, kwa kuwa si chombo cha kushikwa mkononi bali ni programu, na programu hiyo huitwa mfumo endeshi. Mwanafunzi anapoandika barua au kupiga hesabu katika majedwali, huona programu anayoitumia tu; mfumo endeshi uko chini yake, ukigawa kazi.

Jambo la kwanza linalogawanywa ni muda wa prosesa, yaani sehemu ya kompyuta inayotenda hesabu. Prosesa za siku hizi huwa na vitengo kadhaa vya hesabu, lakini programu zinazongoja zamu ni nyingi kuliko vitengo hivyo. Basi mfumo endeshi huipa kila programu kipande cha muda, pengine sehemu chache za elfu za sekunde, kisha huisimamisha na kuiita nyingine. Neno kipande si geni katika nchi ya mkonge, kwani wakati wa ukoloni kadi ya kazi ya siku thelathini iliitwa hivyo. Tofauti ni kwamba vipande vya prosesa hukatwa mara nyingi mno katika sekunde moja, na ndiyo maana mtumiaji hudhani kwamba mambo yote yanakwenda kwa pamoja.

Pamoja na muda, mfumo endeshi hugawa kumbukumbu ili programu moja isiandike juu ya kazi ya nyingine, na hutunza mafaili katika diski. Mwisho, husema na vifaa: kibodi, kioo, printa, redio ya mtandao. Kila kifaa kina lugha yake, hivyo huhitaji mkalimani, na mkalimani huyo ni programu ndogo iitwayo kiendeshi. Neno hili lafaa kukumbukwa, maana mifumo mingi mizuri imeshindwa kuenea kwa sababu ya kukosa viendeshi tu.

Watu wengi hawatofautishi kompyuta na mfumo wake endeshi. Husema "kompyuta imekwisha" pale ambapo kilichokwisha ni ahadi ya mtengenezaji wa mfumo. Mfano ulio karibu ni wa tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilikomesha matengenezo ya kawaida ya Windows 10, ingawa iliacha nafasi ya nyongeza ya muda kwa waliojiandikisha. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, hudai kumbukumbu ya gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, na chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0. Mashine isiyo na chipu hiyo haikubaliwi, hata kama prosesa yake ni nzima na kioo chake hakina doa. Shule iliyopata kompyuta kuukuu kwa msaada hujikuta katika hali ya mwenye shamba ambaye korona yake ni nzima, lakini mnyapara ameondoka.

Ni lazima jambo hili lielezwe sawasawa. Kompyuta yenye mfumo ulioachwa haizimiki siku hiyo; huendelea kuwaka na kufanya kazi. Hatari yake ni kwamba kila tundu la usalama litakalogunduliwa baadaye litabaki wazi. Wako wanaosema kwamba shule isiyo na mtandao haiguswi na hatari hiyo. Hoja yao haina nguvu, kwa sababu virusi husafiri pia katika diski za flashi, na diski za flashi hupita katika vibanda vya kuchapisha, katika simu za watu na katika ofisi za walimu kabla ya kuingia darasani.

Lakini mnyapara aliyeondoka aweza kupatiwa badala yake. Badala iliyozoeleka zaidi ni Linux. Kiini chake kiliandikwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, kikaunganishwa na programu za mradi wa GNU uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983. Sifa yake kubwa ni kwamba msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na mtunzi, uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadili na kuusambaza. Programu za namna hii huitwa programu huria. Kutokana na uhuru huo Linux imetoa matoleo mengi: Debian tangu 1993, Puppy Linux tangu 2003, ambayo huweza kukaa yote ndani ya kumbukumbu bila kuigusa diski, na Ubuntu tangu 2004, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina Ubuntu ni ndugu wa neno la Kiswahili "utu".

Linux, hata hivyo, si ngeni tena. Simu zote za Android huendeshwa na kiini chake. Anayetaka kujifunza jinsi mfumo endeshi unavyojengwa atafaidika zaidi kwa mifumo midogo, ambayo akili ya mtu mmoja yaweza kuizunguka yote.

KolibriOS ni mmoja wao. Ulichipuka mwaka 2004 kutoka mfumo wa MenuetOS, nao umeandikwa kwa lugha ya asembli, ambayo huiamrisha prosesa karibu neno kwa neno. Mfumo mzima, pamoja na madirisha, kihariri cha maandishi na michezo, huenea katika diski laini moja ya megabaiti 1.44. Wanafunzi na wapige hesabu: gigabaiti 64 ni megabaiti 64,000 kwa kukadiria, na 64,000 ikigawanywa kwa 1.44 hupatikana zaidi ya 44,000. Nafasi ambayo Windows 11 inaitaka ingetosha KolibriOS elfu arobaini na nne. Kolibri ni jina la Kirusi la yule ndege mdogo wa Amerika afyonzaye maua angali hewani, ambaye kwa tabia yake ya kufuata maua hufanana na chozi. Mfumo huu huwaka kwa sekunde chache, jambo la faida mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara. Udhaifu wake uko wazi: viendeshi ni vichache, na atakayeutegemea kwa kazi za ofisi atasikitika.

MINIX una historia ya aina yake. Mwaka 1987 Andrew Tanenbaum, profesa katika Chuo Kikuu cha Vrije cha Amsterdam, aliuandika kwa ajili ya kufundishia, akauambatanisha na kitabu cha kiada. Msimbo wake ulikuwa wa mistari kama 12,000, ambayo mwanafunzi mwenye bidii aliweza kuisoma yote katika muhula. Torvalds alikuwa mmoja wa wanafunzi hao. Kompyuta aliyoanzia kuandika Linux iliendeshwa na MINIX. Wengi wakadhani kazi ya MINIX imeishia darasani. Ndipo mwaka 2017 ilipofahamika kwamba kampuni ya Intel ilikuwa imeuweka ndani ya chipu saidizi za kompyuta zake, ukifanya kazi bila mwenye kompyuta kujua. Tanenbaum mwenyewe alizipata habari hizo katika vyombo vya habari. Hivyo mfumo usiojulikana sana ulikuwa umeenea mikononi mwa watu wasiopata hata kulisikia jina lake.

Haiku ni mrithi wa BeOS, mfumo uliosifiwa miaka ya 1990 kwa wepesi wake katika sauti na picha. Kampuni iliyoutengeneza ilipouza mali zake mwaka 2001, wapenzi wake hawakuwa na msimbo. Ikawalazimu kuujenga upya tangu msingi kwa kazi ya kujitolea. Toleo la kwanza la majaribio ya mwisho lilitoka Septemba 2018, miaka kumi na saba baadaye. Hiyo ndiyo gharama ya kufungiwa msimbo. FreeDOS nayo ilizaliwa kwa sababu iliyo karibu na hiyo: Jim Hall, mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani, aliianzisha mwaka 1994 alipoona kwamba MS-DOS itaachwa. Kwa somo la historia ya kompyuta hakuna iliyo bora zaidi, kwani mwanafunzi huandika amri kwa mkono na kuona jibu lake papo hapo. NetBSD, ya mwaka 1993, husifika kwa kukubali mashine za kila aina, zikiwemo za biti 32. Sifa hiyo si ndogo, maana hata Debian, katika toleo lake la 13 la Agosti 2025, iliacha kutengenezwa kwa ajili ya kusakinishwa katika kompyuta hizo.

Tanzania ina sababu zake za kuyatazama mambo haya kwa makini. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mfumo wa hesabu wa wizara hiyo kuleta mkanganyiko na hasara, uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku. Ubishi juu ya uamuzi huo haujaisha, na pengine marufuku ilidumu kuliko ilivyopasa; lakini chanzo chake kilikuwa mashine ambazo wenyeji hawakuwa na uwezo wa kutosha wa kuziendesha na kuzitengeneza wenyewe.

Miaka thelathini baadaye ulipatikana mfano wa kinyume chake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kiliendesha mradi ulioitwa Kilinux, na mwaka 2004 kikatoa Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi ngumu ilikuwa ya istilahi, si ya umeme: kila neno la orodha ya amri lilihitaji neno la Kiswahili litakaloeleweka na mwandishi wa ofisini na mwanafunzi pia. Hapakuwa na haja ya kumwomba mwenye programu ruhusa, kwa kuwa msimbo ulikuwa huria.

Mfano mwingine uko katika simu. Mwaka 2019 kampuni ya Vodacom Tanzania ilileta sokoni Smart Kitochi, simu ndogo ya vitufe iliyoweza kutumia mtandao. Haikuwa na Android. Iliendeshwa na KaiOS, mfumo uliotokana na Firefox OS baada ya mfumo huo kuachwa na waasisi wake, ambao huweza kutumia kumbukumbu ya megabaiti 256 tu. Kwa bei yake, mfumo huo ulikuwa wa manufaa makubwa. Lakini mapema mwaka 2025 WhatsApp iliacha kufanya kazi katika KaiOS, na wenye simu hizo wakapoteza jambo ambalo wengi walizinunulia. Mfumo endeshi huishi kwa programu zinazoandikwa kwa ajili yake. Ubora wa kiini peke yake hautoshi.

Shule yenye kompyuta moja tu iliyowekwa kando yaweza kufanya jaribio lifuatalo, iwe Kabuku, Korogwe au penginepo. Itafutwe diski ya flashi ya gigabaiti 8. Kwa kompyuta nyingine yenye mtandao, ipakuliwe taswira ya mfumo, yaani faili moja lililobeba mfumo wote, na iandikwe katika flashi kwa programu maalumu ya kazi hiyo. Kunakili faili kwa njia ya kawaida hakutafaa. Yote yaliyokuwamo katika flashi yatafutika. Kisha kompyuta iwashwe kutoka katika flashi badala ya diski yake ya ndani. Mifumo kama Debian, Puppy na Haiku ina taswira zinazokubali kujaribiwa kwa njia hii, na diski ya ndani haiguswi mpaka mtumiaji aagize mfumo usakinishwe. Hapo ndipo mwalimu anapopaswa kuwa karibu, maana kusakinisha kwa pupa kwaweza kufuta kumbukumbu za shule za miaka mingi. Nakala ya mafaili yote itangulie.

Wanafunzi wagawanywe katika vikundi, kila kikundi mfumo wake, na waandike katika daftari sekunde zilizopita tangu kuwasha hadi kioo kuwa tayari, kiasi cha kumbukumbu kilichotumika kabla ya kufungua programu yoyote, na vifaa vilivyotambuliwa na visivyotambuliwa. Katika safu hii ya mwisho ndipo tofauti zitakapoonekana waziwazi. Kompyuta iliyokosa sauti au mtandao chini ya Haiku ijaribiwe tena chini ya Debian kabla ya kuhukumiwa kuwa mbovu. Mara nyingi kilichokosekana ni kiendeshi, na kifaa chenyewe ni kizima.