Behewa Kuukuu Lina Mwenyewe: Mwongozo kwa Wanaotaka Kujitolea Kutoka Kapsoit

Reli haikupata kufika Kapsoit, hapa kwetu Kericho. Ilipita kaskazini yetu, ikashuka kutoka Mau kwa kupitia Londiani, Kipkelion na Fort Ternan, ikatokea Muhoroni na kufika ziwani Kisumu Desemba 1901. Kwa hiyo anayetaka kujitolea kutengeneza mabehewa ya zamani itambidi apande matatu. Lakini ufundi unaohitajika uko hapa hapa: kwa wanaobadilisha beringi za mashine za kukaushia majani chai katika viwanda vya Momul na Tegat, kwa wanaotunza boila, kwa maseremala wa sokoni na mawelda wa njia panda ya Sondu. Nchi ya chai inajua chuma na mvuke kuliko inavyodhaniwa. Kinachotakiwa ni utaratibu, na utaratibu huanza kwa barua, spana baadaye.

Behewa lililosimama kando ya stesheni hadi nyasi zikaota kati ya magurudumu bado lina mwenyewe. Mali ya reli iko chini ya Shirika la Reli la Kenya, na kung'oa hata bolti moja bila idhini ni wizi. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu. Zuio hilo liliondolewa miezi michache baadaye, lakini Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 ingali inafanya kazi. Askari akikukuta na mtaimbo chini ya behewa, usitegemee atakuelewa ukimwambia unahifadhi historia.

Jikusanyeni, basi, mkajisajili kama kikundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii, chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya 2022. Kisha liandikieni Shirika barua kupitia kwa stesheni masta aliye karibu, nakala mwipeleke Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Mkikubaliwa, ombeni makubaliano ya maandishi yanayosema behewa litakaa wapi, nani atalipa matibabu mtu akiumia, vipuri vipya vitakuwa mali ya nani, na itakuwaje kikundi kikivunjika. Swali hilo la mwisho watu huona haya kuliuliza. Liulizeni.

Andika kabla ya kugusa

Kazi ya kwanza ni daftari na simu ya kupigia picha. Piga picha kila upande, chini ya sakafu na ndani ya paa. Kila kitakachofunguliwa kifungwe kibandiko chenye namba, na namba hiyo iingie daftarini siku hiyo hiyo, maana baada ya mwezi hakuna atakayekumbuka bawaba hii ilitoka mlango gani.

Tafuta herufi. KUR ni za reli ya Kenya na Uganda, jina lililoanza kutumika 1926. EAR&H zilikuja 1948, reli na bandari za Afrika Mashariki zilipounganishwa. Herufi ya bandari ilianguka 1969 shirika lilipogawanywa, na KR, za Reli ya Kenya, zilikuja baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika 1977. Mara nyingi herufi za zamani zimelala chini ya rangi mpya, kwa hiyo chagua sehemu ndogo kama kiganja, ilowanishe, uisugue taratibu tabaka baada ya tabaka. Anayekimbilia kupaka rangi inayong'aa ili picha ya uzinduzi ipendeze amefuta ushahidi wote kwa asubuhi moja. Mimi ningeliacha behewa na kutu yake kuliko kumpa mtu huyo brashi.

Na wazee waliofanya kazi ya reli Kipkelion, enzi ikiitwa Lumbwa, watembeleeni mapema. Nendeni na picha mlizopiga, mkae, mwacheni mzee azungumze. Atawaambia kiungio kipi kilikuwa kikikwama na behewa lipi lilibeba nini. Hayo hayamo kwenye michoro.

Yanayoua na yanayodhuru

Rangi za zamani huwa na madini ya risasi. Usizipige msasa mkavu wala grenda. Lowesha, kwangua, vaa barakoa nzuri, oga kabla ya kumbeba mtoto. Ukikuta nyuzi za kijivu au nyeupe zimefungwa kwenye mabomba au nyuma ya mbao, chukulia ni asbesto. Acheni kazi, funikeni, waulizeni NEMA, mamlaka ya mazingira, nani ana kibali cha kuiondoa. Usichome kwa welda juu ya sakafu ya mbao bila ndoo ya maji na mtu wa kuangalia moto.

Usisimame kati ya mabehewa mawili. Usilale chini ya behewa linaloshikiliwa na jeki peke yake. Weka magogo ya kulibeba. Mfumo wa breki uliokaa miaka mingi bila kutumika hauaminiki, na mteremko wa kwetu si wa mzaha: reli inashuka kutoka zaidi ya mita 2,500 kwenye kilele cha Mau hadi mita 1,130 hivi Kisumu. Kaza breki ya mkono, pigilia kabari pande zote mbili za magurudumu. Tena njia hiyo ina treni: safari za abiria za Kisumu zilirudi Desemba 2021 baada ya reli kukarabatiwa.

Paa kwanza

Mvua ya Kericho, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, ndiyo adui mkubwa. Turubai zuri lililofungwa vizuri juu ya behewa huokoa mbao nyingi kuliko seremala yeyote. Liinue kidogo ili hewa ipite, la sivyo mbao zitaozea kwenye jasho lao. Halafu zibueni matundu ya kutolea maji na chunguzeni boriti za chini, hasa chini ya choo na milango, kwa kuzichoma na bisibisi. Mbao inayomeza bisibisi hubadilishwa. Iliyo nzima huachwa hata kama ina makovu. Chuma kipigwe brashi ya waya, kifutwe, kipakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, kabla ya mvua ya alasiri.

Anzeni na behewa dogo la mizigo. Ndoto ya wengi ni injini kama Mount Gelai, namba 5918, iliyotengenezwa na Beyer Peacock kule Manchester, tani 252, na ambayo kweli iliwahi kufufuliwa ikatoa moshi tena. Lakini boila ya namna hiyo inahitaji mkaguzi mwenye leseni na fedha ambazo kikundi kipya hakina. Hata Talyllyn kule Wales, ambako watu wa kujitolea waliendesha reli yao kuanzia 1951, walianza na vichache vilivyokuwepo.

Kabla ya yote, nendeni Nairobi na seremala wenu, kwenye makumbusho yaliyofunguliwa 1971. Behewa ambamo simba alimtoa afisa wa polisi Charles Ryall pale Kima, Juni 1900, lipo. Wageni hulitazama kwa ajili ya simba. Nyinyi tazameni mbao zilivyoungwa kwenye kona, reli ya mlango wa kusukuma, fremu za madirisha. Ombeni ruhusa ya kupima, na mchukue futi kamba yenu wenyewe.